Marehemu Tisa wa Keko

Mheshimiwa Bwana Shauri wa Wilaya, Mheshimiwa Liwali, Maalim wetu na Padre wetu, ambao leo mmekaa benchi moja na benchi halijavunjika, wazee wangu wa Temeke, Keko, Vingunguti na Mbagala, shikamooni, Bwana Karani Mkuu na makarani wote wa ofisi, akina mama wenzangu, ambao mnanitazama huku mkisema moyoni, "Leo Zuena atatuaibisha", watani zetu Wanyamwezi, ambao hamkualikwa na mmekuja, kama ilivyo ada yenu, na wewe, mgeni wetu wa heshima, Bwana Revelian, pamoja na mkeo Bi Kokushubila na binti yenu Apolonia: nawasalimu nyote, kila mtu kwa cheo chake na kwa salamu inayomstahili.

Nimepewa dakika kumi. Aliyenipa hanijui.

Mimi ni Zuena binti Bakari, kiongozi wa Jumuiya ya Michezo ya Keko. Nimeombwa niseme maneno machache ya kumuaga Bwana Revelian, ambaye kesho anapanda treni ya bara kurudi kwao Bukoba, baada ya kutimiza umri wa kupumzika. Bwana Karani Mkuu amekwisha kusema ya ofisini. Amesema Bwana Revelian hakuchelewa kazini hata siku moja, amesema ni mwaminifu, amesema mwandiko wake unasomeka bila miwani. Yote ni kweli, wala sina la kupunguza. Lakini Bwana Karani Mkuu amesema pia kwamba mwenzetu huyu alidumu katika daraja la tatu kwa miaka kumi na moja, na hapo akapiga kikohozi, akaruka ukurasa. Mimi nimekuja kuusoma ukurasa ule. Sie watu wa Keko ndio tuliomweka daraja la tatu, na kwa miaka yote hiyo tumekaa na swali linalotuwasha: je, tulimdanganya mtu asiyejua kitu, tukamharibia kazi yake, kisha juu ya hayo tukamcheka?

Namwomba Bwana Shauri, maana jambo lenyewe ni la mwaka 1943, na mwaka ule yeye mwenyewe, kwa jinsi ninavyomwona usoni, alikuwa bado anafundishwa hesabu, asikilize kwa sikio la sherehe, asisikilize kwa sikio la ofisi. Anacheka! Mmeona, anacheka. Mashahidi mpo.

Ndugu zangu, vijana hamkumbuki, lakini wazee wenzenu hawajasahau mji huu ulivyokuwa wakati wa vita. Tulikuwa kama watu waliozingirwa. Adui tuliambiwa yuko baharini, Mjapani na manowari zake, atatokea leo, atatokea kesho. Madirisha tukayapaka masizi, na taa ikawa haramu jua likishatua. Nguo kwa foleni, sukari kwa foleni, mafuta ya taa ukiyapata unayanusa kwanza kama udi. Wanaume walichukuliwa kwenda keya, jeshi la Mwingereza, wakapelekwa Burma, nchi ambayo hakuna aliyejua iko upande gani, hata kibla tulishindwa kuipima. Mji ulinuna. Watu walipishana njiani bila kutaniana, na mji usiotaniana, jamani, umebakiwa na nini?

Sie tulikuwa na michezo yetu. Tulifanyia mazoezi karakanani kwa Mzee Kondo, fundi seremala, katikati ya maranda na gundi. Kondo alikuwa mwigizaji wetu mkuu, mwenye kiwanja, mwenye mbao, na mwenye hasira. Kwa kuwa taa zimekatazwa, tukacheza alasiri, na watu wakaja kutoka hata Mbagala kwa miguu. Tukacheza mchezo wa foleni ya mchele, na ndani yake mlikuwa na bwana mmoja mnene wa kizungu ambaye kila akihesabu magunia anakuta moja limepungua. Mchezo ule ulipendwa sana. Ulipendwa mpaka ukafika kusikotakiwa. Wiki ya pili mpiga mbiu akapita: michezo na ngoma zote zimesimamishwa mpaka vita viishe, mikusanyiko ni marufuku, isipokuwa harusi na matanga.

Tulikaa karakanani tumejiinamia. Wa kwanza kuinua kichwa alikuwa dada yake Kondo, Bi Mwajabu. Akauliza, "Wamesema isipokuwa nini?"

"Harusi na matanga."

"Basi tufanye harusi," nikasema mie, maana nilikuwa na miaka ishirini na miwili na jambo hilo nilikuwa nalo karibu.

"Mchele wa harusi utautoa wapi, mwanangu? Harusini watu huja kula. Msibani huja na kitu mkononi." Akamgeukia ndugu yake. "Kondo, wewe utakufa Ijumaa."

Kondo akasema, "Kwa nini mie?"

"Kwa sababu unaigizika."

Waheshimiwa, wageni mliotoka mbali mnaweza kushangaa, kwa hiyo nieleze. Huku kwetu Mzaramo akifa, mtani wake Mnyamwezi huja msibani na kazi yake maalumu. Wengine wanalia, yeye anamwigiza marehemu: anavaa kanzu yake, anatembea mwendo wake, anagomba kama alivyokuwa akigomba, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Hakuna shehe wala jumbe anayeweza kumzuia mtani. Sasa hebu niambieni, mtu akivaa nguo za mwenziwe na kuigiza maneno yake mbele ya halaiki iliyokaa mkekani, hiyo siyo michezo ni nini? Tiyatro yetu ilikuwako siku zote, ila ilikuwa inangoja mtu afe.

Mtani tulikuwa naye katika jumuiya, na leo yuko pale mlangoni, Gaspar wa Tabora, kuli wa bandarini. Mpango ulikuwa hivi: Kondo ajifiche chumba cha ndani, sie tulie, Gaspar aje aigize, na katikati ya uigizaji wake tupenyeze mchezo wetu wote. Kosa tulilofanya ni moja, na ni la kipumbavu. Gaspar alikuwa kwenye zamu za wiki mbili bandarini, hajui lolote. Tukamtumia salamu, na kwa kuwa mnyapara wake alikuwa amesimama pale pale, mjumbe akazisema kama zilivyotangazwa mtaani: "Kondo amefariki, njoo." Tulidhani ataelewa. Ataelewaje? Kwani nyie mngeelewa?

Ijumaa ile baada ya swala uwanja ulijaa. Maalim wetu, ambaye wakati ule alikuwa kijana, tulimweleza ukweli, akasema, "Mie simo," akaondoka, kisha nikamwona amekaa ukutani kwa jirani anachungulia. Usiiname, Maalim, hapa tunasema kweli tu. Mimi nilikuwa mliaji mkuu. Nililia vizuri mno, nikajifurahia mwenyewe.

Ghafla, watu wanapisha njia, na nani anaingia? Askari mmoja, na nyuma yake karani mgeni, suti ya kaki imepigwa pasi, daftari kwapani. Ana wiki tatu tu mjini. Ametumwa na ofisi kuhakikisha kwamba msiba huu ni msiba. Akavua kofia, akatupa pole mmoja mmoja, akakaa mkekani na suti yake, akafungua daftari. Ndiye huyu. Tukigundulika, Kondo anafungwa, karakana inafungwa, na Jumuiya ndiyo imekwisha. Nikaongeza kilio.

Hapo ndipo alipotokea Gaspar, moja kwa moja kutoka bandarini, vumbi la saruji mwilini, machozi yamechora njia mbili mashavuni. Alikuwa analia kweli. Alimpenda Kondo kama ndugu. Lakini mtani ni mtani, kazi ni kazi. Akajifunga shuka la Kondo, akashika randa, akaanza. Jamani! Alimwigiza Kondo akipiga randa huku anaitukana mbao. Alimwigiza Kondo akimfukuza mteja. Watu walijishika mbavu. Kisha akaleta kigoda alichotengenezewa na Kondo mwenyewe, akakiweka katikati ya uwanja, akakikalia, kikayumba huku, kikayumba kule, naye akalia kwa sauti, "Ewe Kondo, umetuacha! Nani atatutengenezea tena vigoda vya miguu mitatu na nusu?"

Kondo, Mungu amrehemu, ungemwita bahili angenyamaza. Ungemwambia ana sura mbaya angekubali. Lakini kazi yake? Mlango wa ndani ulifunguka kwa kishindo, na marehemu akatoka, pamba puani, kidole juu.

"Si kigoda!" akasema. "Ni sakafu! Sakafu ndiyo mbovu!"

Waliojua walibaki mkekani. Wasiojua walikimbia, wa kwanza akiwa askari. Aliruka ua na tarbushi lake likabaki kwenye mchongoma mpaka Jumatatu. Na Gaspar je? Mwanamume mwingine angezimia. Gaspar alimkamata marehemu mguu kwa mikono miwili, akapiga kelele, "Rudi ukafe! Hujamaliza na sie hatujamaliza!" Kondo anavuta, Gaspar anavuta, kigoda kimepinduka, mie nimesahau kulia.

Tukamtazama karani. Hakuondoka. Amekaa pale pale mkekani, kalamu mkononi, kama mtu anayengoja treni. Akamgeukia Bi Mwajabu, akamwuliza kwa adabu kubwa, maneno ambayo Keko haitayasahau:

"Samahani, mama. Huku pwani, marehemu huamka?"

Bi Mwajabu hakupepesa jicho. "Huamka, mwanangu, akisingiziwa na mtani. Akishajibu, hurudi."

"Hurudi wapi?"

"Kwa Mola wake."

"Huchukua muda gani?"

"Hutegemea matusi."

Akaandika. Wallahi aliandika! Akaifunga kalamu, akamwinamia Kondo, akampa pole kwa kifo chake, akaondoka zake kwa mwendo wa taratibu. Na ripoti ile ilikwenda ofisini hivi, maana tuliipata baadaye kwa karani mwenziwe: "Nimefika. Msiba ni wa kweli. Marehemu aliinuka kwa muda mfupi kwa mujibu wa mila za pwani ili kujibu tuhuma kuhusu kigoda, kisha akarejea katika mauti. Wafiwa ni watulivu." Mkuu wake wa siku zile alicheka mpaka akashika meza, akaandika pembeni, "Mila. Waachwe."

Waachwe! Bwana Shauri, neno hilo moja ndilo lililotulisha mpaka vita vikaisha. Keko ikaanza kufa. Kila mwezi mmoja na nusu, miezi miwili, mtu wetu mmoja alifariki, na kila mara ofisi ilimtuma Bwana Revelian, na kila mara ripoti ikarudi kwamba msiba ni wa kweli. Na marehemu aliyekutana naye njiani baadaye, tulimtambulisha kama ndugu wa marehemu, naye akampa pole. Tukacheza michezo ya foleni, tukacheza mchezo wa Mjapani aliyekuja kuteka Temeke akakuta hakuna sukari akarudi. Watu walikuja wakiwa wamekunja nyuso wakaondoka wakifutana machozi ya kicheko. Wako hapa waliokufa siku zile. Marehemu, simameni! Bi Mwajabu, ulikufa mara mbili, simama mara mbili! Hao, watazameni, marehemu wetu, pamoja na Kondo ni tisa. Wapigieni makofi, halafu mkae, msije mkatutia mkosi.

Lakini karani wetu? Ofisini walimwita Bwana Ufufuo. Kila mkuu mpya alipokuja, alionyeshwa ile ripoti kabla ya kuonyeshwa choo kilipo. Vijana aliowafundisha kazi wakapanda daraja, wakampita, wakawa wanamtuma. Nani angemwamini na kazi kubwa mtu aliyeandika kwamba maiti ilijibu hoja? Na sie, badala ya kuona haya, tulifanya nini? Mwaka 1947 tulitunga mchezo, Karani Mgeni. Niliyemwigiza karani ni mimi. Nilivaa miwani ya chupa, nikaweka daftari kwapani, nikauliza kama marehemu huamka. Yeye mwenyewe alikaa mstari wa mbele akacheka kuliko wote, akapiga makofi. Nilirudi nyumbani nimefurahi. Kisha nikashindwa kula, kwa sababu niliona nimemcheka mtu mwema mbele ya mke wake.

Tungekuwa na akili tungeona. Mwaka 1944 ilikuja simu ya kweli kutoka jeshini. Hija, mtoto wa pekee wa Bi Mwajabu, alifia Burma, na mwili haukurudi. Matanga yale hayakuwa mchezo. Bi Mwajabu ndiye aliyesema, "Gaspar, nichezee mwanangu, nimwone mara moja tu," na Gaspar akamcheza Hija akibeba maji huku anapiga mluzi, na sikuwahi kuona watu wakicheka na kulia vile. Bwana Revelian alikuja. Alikuja na mkungu wa ndizi begani, yeye mwenyewe, na shati la ofisi, kutoka sokoni kwa miguu. Na siku ile, ndugu zangu, siku ile peke yake, hakuja na daftari.

Nani alimwambia kwamba msiba ule ulikuwa tofauti? Hakuna. Na sie hatukujiuliza.

Jumanne iliyopita nilikwenda kumsaidia Bi Kokushubila kufunga mizigo. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Mama Apolonia, tuwieni radhi. Mume wako tulimdanganya, Kondo hakufa." Bi Kokushubila aliweka chini sufuria, akanitazama, akaanza kucheka. Alicheka akakaa chini. Akaniambia, "Zuena, siku ile alirudi nyumbani akafunga mlango. Akamwigiza Kondo. Akamwigiza Mnyamwezi anavuta mguu. Akamwigiza yule mama asiyepepesa. Halafu akaigiza yeye mwenyewe akiuliza lile swali, na alivyoliuliza pale chumbani ndivyo alivyokuwa ameliuliza kwenu. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi tisa. Nilicheka mpaka uchungu ukanishika. Apolonia alizaliwa alfajiri."

Apolonia, mwanangu, simama watu wakuone. Huyu ni mtoto wa Jumuiya ya Michezo. Ametimiza miaka kumi na moja, na anayetaka kuhakikisha tarehe aende akaulize Padre, cheti cha ubatizo kipo.

Nikamwuliza mama yake, sasa kwa nini alinyamaza? Kwa nini akubali kuitwa Bwana Ufufuo, apitwe na vijana, achekwe na mimi? Akasema alimwuliza hivyo hivyo, mwaka hata mwaka, na jibu lake lilikuwa moja: "Nikikiri kwamba najua, itanibidi nifanye kazi yangu. Mji mzima umenuna. Waache wacheke." Na vita vilipokwisha, jibu likawa, "Wakijua nilijua wataniogopa, hawatanikaribisha tena kukaa mbele."

Waheshimiwa, sisi tulijiona mabingwa kwa kucheza alasiri moja moja. Huyu amecheza miaka kumi na moja, bila mapumziko, bila jukwaa, mbele ya ofisi nzima na mbele ya Keko nzima, na hakuna aliyeuona uzi wa mchezo wake. Mimi niliyemwigiza, nilikuwa namwigiza mwigizaji! Bwana Revelian, nakuomba radhi mbele ya wakubwa zako, na nafurahi kama mwehu. Tulikuonea kwa kukucheka, na wewe uliinunua ile aibu kwa mshahara wako, ukatugawia kicheko bure. Bwana Shauri, kama bado kuna kalamu ofisini, ile ripoti isichomwe. Ila pembeni iongezwe kwamba aliyeiandika alikuwa na akili zake timamu.

Sasa nina jambo la mwisho, na sitacheka nikilisema. Mzee Kondo alifariki mwaka jana, kweli safari hii, mwezi wa Rajabu. Wote tulikuwako. Gaspar alikuja kufanya kazi yake. Akajifunga shuka, akashika randa, akakaa chini akalia kama mtoto, hakuweza. Mimi nilijaribu nikashindwa. Kondo amezikwa bila kuchezwa, yeye aliyecheza watu wote wa mtaa huu, na kila nikipita karakanani roho inaniuma.

Yupo mmoja tu ambaye alimsoma Kondo siku ile kutoka mkekani, akamchukua mzima mzima mpaka chumbani kwake. Bwana Revelian, mkeo ameniambia bado unaye. Treni ni kesho, na watani wameapa kulala kwenye reli usipokubali. Inuka, baba. Njoo hapa mbele, vua koti, tuchezee Kondo wetu.

Nawashukuru waheshimiwa, wazee na ndugu zangu, kwa masikio mliyonipa na kwa dakika nilizoiba. Anakuja. Pisheni njia, anakuja. Angalieni mguu wake, ndivyo hasa Kondo alivyokuwa akitembea.